Mdogo wangu yuko gereza la Karanga, mama anataka akubali kosa. Tuanze na lipi?

BARUA

Ndugu washauri, poleni na majukumu.

Mimi ni msomaji wenu wa Pasua, hapa Moshi. Mdogo wangu ana miaka 23, ni bodaboda, kijiwe chake kiko karibu na soko la Mbuyuni. Mwezi uliopita, Ijumaa jioni, alizozana na abiria kwa sababu ya nauli ya shilingi 3,000. Wakashikana. Abiria alipasuka juu ya jicho, akachukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), na akasema simu yake ya shilingi 450,000 imepotea kwenye purukushani hiyo. Mdogo wangu alikamatwa usiku uleule, akakaa kituoni hadi Jumanne ndipo akapelekwa mahakama ya wilaya. Simu haikukutwa kwake wala nyumbani.

Amesomewa makosa mawili: shambulio la kudhuru mwili, na wizi. La kwanza alijibu, "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenianza." La pili akasema si kweli. Hakimu akaandika kwamba amekana yote mawili, kisha akatoa dhamana: wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni mbili. Tulikwenda mimi na mama mdogo, tukakataliwa. Barua yangu ya mtendaji wa mtaa haikuwa na mhuri kwenye picha, na jina la mama mdogo kwenye barua halikufanana na la NIDA (kitambulisho cha taifa). Akapelekwa Karanga. Tulipotoka nje kijana mmoja akatuambia tumpe 300,000 "ya dhamana" mambo yaishe.

Mama amechoka. Anasema tarehe ijayo, ambayo karani ameiita ya PH (usikilizwaji wa awali), mdogo wangu akubali tu kosa, maana ni mara yake ya kwanza, atapigwa faini arudi nyumbani. Wazee wa ukoo nao wamemwendea mlalamikaji, naye anataka 800,000 ndipo "afute kesi". Wakili hatumuwezi. Pikipiki nayo si yake, ni ya tajiri (mmiliki), iko kituoni tangu siku hiyo na tajiri anadai hesabu yake, yaani malipo anayopelekewa na dereva. Tuanze na lipi?

Dada wa Pasua

JIBU

Pole sana dada, na mpe pole mama. Anzeni na dhamana, na msisubiri tarehe ya PH. Wadhamini wanaweza kufika mahakamani siku yoyote ya kazi. Mkimwona karani wa hakimu anayesikiliza shauri hilo na nyaraka zenu zikawa sawa, mahakama huandika hati ya kumtoa mshtakiwa mahabusu aje asaini bondi yake. Familia nyingi hazilijui hili. Ndugu yao anakaa gerezani siku kumi na nne nyingine kwa sababu ya mhuri tu, kumbe mhuri huo ungepatikana kesho yake asubuhi.

Rudi kwa mtendaji wako upate barua mpya. Picha ya pasipoti ibandikwe kwenye barua, na mhuri ukae nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Barua itaje mahakama yenyewe, namba ya kesi, jina kamili la mshtakiwa, na iseme unamdhamini yeye. Jina lako lifuate NIDA herufi kwa herufi. Kama NIDA ina majina matatu na mtendaji anakufahamu kwa mawili, mwambie aandike matatu. Mama mdogo afanye hivyohivyo. Kama jina lake la NIDA ndilo lenye kosa, apate kiapo cha majina kwa wakili au kamishna wa viapo. Bebeni kitambulisho halisi na nakala zake. Kama sharti linataka mali, chukueni hati au mkataba wa mauziano pamoja na barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba mali hiyo ni yenu. Kama linataka mtumishi, barua ya mwajiri na kitambulisho cha kazi. Fikeni mapema asubuhi, kabla hakimu hajaingia kwenye mashauri ya siku hiyo.

Hakimu atawahoji kwa ufupi: unamfahamuje mshtakiwa, anaishi wapi, wewe unafanya kazi gani, unajua akitoroka nini kitakupata. Swali la mwisho ndilo linaloangusha watu. Milioni mbili ya bondi hailipwi leo, ni ahadi. Mshtakiwa asipofika, mdhamini huitwa aeleze kwa nini asilipe, na asipokuwa na sababu nzuri anadaiwa kiasi chote, hata kwa kukamatiwa mali. Jibuni hivyo bila kusitasita.

Yule kijana wa 300,000 ni kishoka, yaani dalali asiye rasmi. Dhamana haiuzwi, iwe ya polisi au ya mahakama. Pesa inalipwa tu pale hakimu anapoamuru kwa sauti, mbele ya watu, kwamba fedha taslimu ziwekwe mahakamani; na hapo unapewa namba ya malipo ya Serikali, unalipa benki au kwa simu, unabaki na risiti. Mkiona masharti ni mazito kuliko uwezo wenu, mshtakiwa mwenyewe anaweza kusimama na kuomba hakimu ayalegeze. Ikishindikana, maombi yanapelekwa Mahakama Kuu, na ya Moshi ipo hapohapo mjini.

Ijumaa hadi Jumanne ni muda mrefu. Aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema kadiri inavyowezekana, na kwa makosa kama haya kituo chenyewe kingeweza kumpa dhamana ya polisi. Wikiendi haifuti haki hiyo. Kuchelewa huko, hata hivyo, hakuiui kesi. Kinachohusu ni maelezo aliyoandikishwa kituoni. Muulize: aliandika maelezo ya onyo, yaani yale yanayoandikwa baada ya mtu kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani? Alianza kuhojiwa saa ngapi baada ya kukamatwa? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, zinazoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Alielezwa kwamba anaweza kunyamaza, na kwamba anaweza kuwa na ndugu au wakili? Kama alipigwa au aliandikiwa maneno ambayo si yake, apinge pale askari anaposimama kuomba maelezo hayo yapokelewe kuwa kielelezo. Akinyamaza hapo na kuja kulalamika siku ya utetezi, ameshachelewa.

Sasa ushauri wa mama. Tunaelewa uchungu wake, lakini hapa tunampinga moja kwa moja. Hakuna sheria inayosema anayekiri kwa mara ya kwanza anapigwa faini. Shambulio la kudhuru mwili adhabu yake ni kifungo hadi miaka mitano, wizi hadi miaka saba. Kukiri mapema kunapunguza adhabu, na kuwa mkosaji wa kwanza kunahesabika, lakini kipimo kiko mkononi mwa hakimu. Anayekiri anatiwa hatiani papo hapo, na rufaa yake inabaki kwenye adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro.

Hakimu wenu aliandika sawasawa. "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenianza" hakuhesabiki kuwa kukiri kosa. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ni utetezi wa kujilinda. Utaratibu huu ni wa siku nyingi. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliupanga vizuri mwaka 1973 katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, na mahakama zetu bado zinaufuata. Shtaka linasomwa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, mshtakiwa anaulizwa kama ni ya kweli. Akipinga jambo la msingi hata hapo mwishoni, hakimu anafuta kule kukiri na kuandika kwamba amekana. Kila kosa linajibiwa peke yake. Asije akasema "kweli" mara moja kwa yote mawili, akajikuta amekubali kuiba simu ambayo hakuiona.

Kwa hiyo mtafutieni nakala ya hati ya mashtaka aisome kabla ya tarehe. Huko ndiko kila kitu kinatoka: kifungu cha sheria, tarehe, mahali, jina la aliyedhurika, aina ya simu na thamani yake. Mashahidi watapimwa kwa karatasi hiyo. Wakisema simu ya aina nyingine, au mahali pengine, hilo ni pengo, ingawa tofauti ndogo ya saa haitoshi kumtoa mtu. Upande wa mashtaka unaweza kuruhusiwa na mahakama kuirekebisha hati wakati kesi ikiendelea. Ukifanya hivyo mshtakiwa anasomewa upya, anajibu upya, na anaweza kuomba mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena.

PH ni usikilizwaji wa awali. Wengi huona kama siku ya kupoteza muda, na ndiyo siku watu wanayojifunga. Wakili wa Serikali anasoma maelezo ya kesi, hakimu anamuuliza mshtakiwa yapi anakubali, yanaandikwa na kusainiwa. Kilichokubaliwa hapo kinahesabika kimethibitishwa, hakihitaji shahidi tena. Mdogo wako akubali jina lake, umri, makazi, kazi, siku aliyokamatwa, na kwamba alikuwa Mbuyuni kama ni kweli alikuwepo. Kuhusu nani alianza, jeraha limetokana na nini na simu imekwenda wapi, aseme anabishania. Kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa haraka ya kurudi kwenye benchi ni hatari kuliko kukosa wakili.

Baada ya hapo mashahidi wa Jamhuri (upande wa mashtaka) wanaanza kuingia, na hapa ndipo kesi hii itashinda au kushindwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwenye wizi, simu haikupatikana. Hakuna hati ya kukamata mali yenye jina lake, kwa hiyo Jamhuri haiwezi kusema amekutwa na mali iliyoibwa. Imebaki na neno la mlalamikaji, au la mtu aliyeona mkono wake ukichukua simu. Maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, yawe mafupi: una risiti ya simu? Namba ya IMEI (ya utambulisho wa simu) uliitaja polisi? Uliona nani akiichukua? Kulikuwa na watu wangapi pale? Ulitoa taarifa ya simu saa ileile, au baadaye? Asimwage hadithi yake yote kwenye maswali, ila kila jambo analolipinga alimuulizie shahidi husika. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba shahidi asipododoswa juu ya jambo muhimu, jambo hilo linachukuliwa kuwa limekubaliwa. Kama msimamo wake ni kwamba abiria ndiye aliyeanza kumkaba, lazima amwambie abiria huyo usoni akiwa kizimbani: "Wewe ndiye ulianza kunishika shingo, siyo?" Hata jibu likiwa hapana, swali limeingia kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama.

PF3 itakuja na daktari, au itakuja peke yake. Ikija peke yake, mshtakiwa ana haki ya kuomba daktari aitwe ahojiwe, na hakimu anapaswa kumweleza haki hiyo. Aitumie. Amuulize tarehe aliyomwona mgonjwa, kina cha jeraha, na kama linaweza kutokana na kuanguka kwenye lami. Kielelezo chochote kikipokelewa lazima kisomwe kwa sauti mahakamani. Ikiwa hakikusomwa, ni hoja nzito ya rufaa.

Wewe sasa nenda kijiweni. Kuna madereva waliokuwepo jioni ile, na kumbukumbu zao zinafifia. Chukua majina, namba za simu na mahali wanapokaa. Mahakama inaweza kutoa hati za kuwaita mashahidi wa utetezi wakitajwa. Kama mdogo wako naye aliumia, muulize alitibiwa wapi, kwa sababu maandishi ya zahanati, hata ya gerezani, yana uzito kuliko maneno matupu.

Jamhuri ikifunga ushahidi, hakimu anaamua kama kuna kesi ya kujibu. Isipokuwepo anaachiwa. Ikiwepo anachagua kujitetea, kwa kiapo au bila kiapo, na kuita mashahidi, au kunyamaza. Hukumu inatakiwa isizidi siku 90 baada ya usikilizwaji kumalizika. Akitiwa hatiani, taarifa ya nia ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu iandikwe ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ziwasilishwe ndani ya siku 45 tangu hukumu. Siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi. Akiwa gerezani, taarifa hiyo inapitia kwa mkuu wa gereza, na aisaini siku ileile ya hukumu.

Kuhusu 800,000, simamisheni wazee kwanza. Nia yao ni njema, lakini mlalamikaji ndiye shahidi wa kwanza wa Jamhuri, na kumfuata nyumbani na pesa kunaweza kuonekana ni kumvuruga shahidi. Dhamana ikishatoka, hilo peke yake linaweza kuiondoa. Halafu mlalamikaji hana uwezo wa kufuta kesi hii. Ikishafunguliwa mahakama ya wilaya, mwenye kesi ni Jamhuri kupitia kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na mlalamikaji anaweza kupokea pesa zenu Jumatatu akaitwa kwa hati na kutoa ushahidi Jumatano. Mahakama ina mamlaka ya kuhimiza suluhu, ila sheria imeyafungia kwenye makosa madogo ya kibinafsi kama shambulio la kawaida. Kosa lenye kifungo cha miaka mitano si dogo kwa kipimo hicho.

Njia halali zipo mbili. Mlalamikaji mwenyewe anaweza kwenda ofisi ya mashtaka na kumweleza Wakili wa Serikali, bila ninyi kumsindikiza, kwamba hana tena haja na shauri. Wakili wa Serikali atapima kama kuna maslahi ya umma ya kuendelea, na anaweza kuliondoa. Jueni tu kwamba shauri likiondolewa kabla ya utetezi kuanza, mshtakiwa anaachiwa lakini hajasafishwa; linaweza kurudi.

Njia ya pili ni makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2019. Mshtakiwa au wakili wake anaomba mazungumzo na upande wa mashtaka. Wanaweza kukubaliana, kwa mfano, shtaka la wizi liondolewe, akiri shambulio, na gharama za matibabu zilipwe kama fidia. Makubaliano yanaandikwa, yanasainiwa, na hakimu anamhoji mshtakiwa kuhakikisha hakulazimishwa kabla ya kuyasajili. Kama ukweli ni kwamba mdogo wako alipiga bila kuanzwa, hii ndiyo namna ya kukiri tunayoweza kuiunga mkono, kwa sababu anajua anakiri nini na anapata nini. Kama kweli alianzwa, abaki na jibu lake.

Kwa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu hata walioko mahabusu. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri mkaulize watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa Moshi, na mdogo wako amwambie askari magereza kwamba anaomba msaada huo. Msaidizi wa kisheria hawezi kusimama kizimbani kwa niaba yake. Kazi yake ni kumsomea hati ya mashtaka, kumwandalia maswali na kumuunganisha na wakili wa kujitolea.

Pikipiki aifuatilie tajiri, si ninyi. Achukue kadi yenye jina lake, kitambulisho na mkataba wa hesabu, aandike barua kwa mkuu wa upelelezi wa kituo, nakala kwa Wakili wa Serikali, akiomba arudishiwe. Kwenye makosa yaliyotajwa sioni kazi ya pikipiki kama kielelezo: haikuibwa, na haikutumika kumpiga mtu. Wakisema ni kielelezo, aombe mahakama iamuru ipigwe picha na akabidhiwe kwa ahadi ya maandishi ya kuileta ikihitajika. Kabla ya kuitoa pale, akague betri, mafuta na vioo mbele ya askari anayemkabidhi, na vilivyopungua viandikwe kwenye fomu ya makabidhiano.